Maoni Kuhusu Kanda ya Wambui

Nyokabi alinipigia simu asubuhi moja nikichambua mchele, akaniambia mama yake alilala na hakuamka. Nilikaa na ule ungo mapajani muda mrefu, nikimsikiliza akinieleza mambo ya mochari na mkutano wa kanisa, sauti yake ikiwa kavu kama ya mtu aliyelia mpaka akachoka. Kisha akaniuliza kama bado nina lile daftari. Nikajifanya sikuelewa ni daftari gani. "Lile la maoni, auntie. Mum alikuwa anaongea juu yake mpaka juzi. Alikuwa anasema watu wa Thika walipenda kanda yake, lakini yeye mwenyewe hawakumtaka. Ni ukweli?" Nilimwambia nitafika kwao Theta kesho yake mchana, na daftari nitakuja nalo. Swali lake sikulijibu. Nimelikwepa karibu miaka thelathini, na nilijua ningefika Theta nalo kifuani.

Daftari lenyewe ni la kurasa tisini na sita, jalada la kijani, lina kamba ya katani iliyopitishwa kwenye tundu juu, kwa sababu lilikuwa likining'inia msumarini dukani kwa Baba Shiru, Thika, mtaa mmoja nyuma ya soko. Mwaka ule wa tisini na sita nilikuwa na miaka kumi na tisa. Matokeo ya Form Four yalikuwa yametoka na hayakuwa ya kujivunia, basi nikapata kazi ya kusimama kaunta katika duka la kanda za muziki. Duka lilikuwa jembamba, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na kuta zenyewe zilikuwa kanda tupu kutoka sakafuni hadi darini. Baba Shiru alikuwa amechukua utepe wa kanda zilizoharibika akaufanya pazia la mlangoni kuzuia nzi. Jua la alasiri lilikuwa linapenya kwenye utepe ule na kutuingilia ndani likiwa la rangi ya chai ya rangi, na upepo ukivuma, nuru yote ya duka ilikuwa inatikisika. Mpaka leo nikikumbuka mwaka ule nauona katika rangi hiyo, hata siku ambazo najua mvua ilikuwa ikinyesha.

Baba Shiru alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa muuzaji mwingine. Mteja haondoki na kanda mpya kabla ya kusema alionaje ile aliyonunua mara ya mwisho. Kazi yangu ilikuwa kuandika maneno yake vile vile alivyoyasema, bila kuyapiga pasi, na jina lake, na anakotoka. Alikuwa akisema redioni watu husifia wanachoambiwa wasifie, lakini mtu aliyemaliza betri zake mwenyewe kusikiliza kitu hana sababu ya kudanganya. Kwa daftari hilo ndipo alipojua ni kanda gani ainakili tena na gani aiache ikae na vumbi. Wateja walizoea, wengine wakawa wanakuja wamejitayarisha, wanakohoa kwanza kama mashahidi kortini. Nami nilikuwa na hati nzuri. Niliupenda ule mwandiko wangu kuliko nilivyopenda muziki, na niseme ukweli, nilipenda pia kuwa ndiye mtu anayejua kila mtu amesema nini.

Wambui aliingia mwezi wa Machi akiwa amelowa, kanda yake ameifunga kwenye karatasi ya mkate. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mwembamba, mrefu, anafundisha watoto wa nasari huko Ruiru. Nyimbo nane alizitunga mwenyewe kwenye kinanda chake cha umeme, kile chenye ngoma na besi ndani kwa ndani, akaenda kuzirekodi Nairobi katika chumba kimoja cha juu kwa siku mbili. Kanda aliiita Saa Kumi na Moja, ile saa ambayo viwanda vya Thika hufungua mageti na watu wakamwagika barabarani. Ilikuwa kanda yake ya kwanza. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku ile alimweleza Baba Shiru mambo waziwazi mbele yangu. Kwaya ya kanisa lao ilikuwa ikikitaka kile kinanda, na mwalimu wa kwaya alikuwa amemwambia muziki wa mashine si kazi ya mwanamke wa kuheshimika. Yeye alikuwa ameomba wampe mwaka mmoja. "Mwaka ukiisha na watu hawataki," alisema, "nitawapea hiyo keyboard waimbie Mungu, na mimi nishike chaki. Sitasumbua mtu tena." Baba Shiru alimwambia basi tuwaulize watu, akanionyesha daftari kwa kidevu.

Alipoanza kuinakili alitumia mashine ya pili, ambayo alikuwa ameinunua imeshatumika, akaitenga kwa kazi ya Wambui peke yake. Alinakili mwenyewe kwenye chumba cha nyuma, sauti akiwa ameizima kabisa, kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kusikia nyimbo nane mara hamsini akabaki na akili zake. Sisi wa kaunta tulikuwa tunacheza moja ya nakala. Na nakala ile, wacha niseme, ilikuwa moto. Besi ilikuwa inadunda chini ya sakafu, ngoma za mashine zinakimbizana, na juu yake sauti nyembamba ya kike, changamfu, kama ya msichana aliyetumwa dukani akaamua kwenda akiruka kamba. Hata wapita njia walipunguza mwendo mlangoni. Baba Shiru, mzee wa gitaa na akodioni, aliiweka kwenye rafu ya fanki na disko, akarudi akaisikiliza tena akiwa amekunja mikono, akasema eti hiki kitu hakielewi lakini goti lake linakielewa.

Maoni yakaja. Ninayo hapa. Kinyozi wa Section Nine alisema wateja wake wanatikisa vichwa, na atamkata mtu sikio siku moja. Wanafunzi wawili wa Kiganjo walisema hiyo ngoma ni noma, wanataka kujua huyo dem anasoma shule gani. Mama wa mitumba wa Makongeni alisema akiiweka anauza, akiitoa watu wanashikashika nguo na kwenda. Bwana mmoja wa mashamba ya mananasi alisema wimbo wa pili ni kelele, lakini ni kelele nzuri. Muuza kahawa wa Majengo, mtani wangu, alisema kama huyu binti hajaolewa basi Thika hakuna wanaume. Nesi mmoja alisema ameisikiliza akitoka kazini amechoka na alipofika nyumbani akajikuta anafua mapazia. Kila mmoja alikuwa anasema neno lile lile kwa njia yake: furaha. Hakuna aliyesema ni nzuri tu akaondoka. Walisema walichokuwa wakifanya ilipowakuta.

Kila Jumamosi saa nane Wambui alikuja kusomewa. Alikuwa na haya ya ajabu. Hakuweza kujisikia akiimba mbele ya watu, kwa hiyo alikuwa anasimama ng'ambo ya barabara, kando ya fundi viatu, anainua mkono, nami nazima kanda ndipo avuke. "Umenizimia huyo mtu?" aliniuliza kila mara akifungua pazia la utepe. Baba Shiru alikuwa amempa nakala moja ya dukani, naye aliipeleka kwa mama yake ikiwa bado kwenye plastiki, kwa sababu yeye alikuwa na nyingine aliyotoka nayo Nairobi. Tulikuwa tunakaa kwenye chumba cha nyuma juu ya maboksi, tukila maandazi, namsomea. Alikuwa anafumba macho. Nikimaliza maoni ya mtu alikuwa anauliza huyo mtu anafananaje, ana miaka mingapi, alisema akicheka ama akiwa serious, nami nikamweleza mpaka kinyozi na nesi wakawa kama majirani zake. Uso wake ulikuwa unabadilika nikimwangalia, unalainika, mabega yanashuka. Sijawahi kumpa mtu kitu kikampendeza namna ile, na nilikuwa nangoja Jumamosi kuliko yeye.

Mwezi wa Juni alinialika kula kwake Ruiru. Alikaa chumba kimoja katika nyumba za mstari karibu na mashamba ya kahawa, kitanda nyuma ya pazia la maua, kinanda juu ya meza kimefunikwa kitambaa cha kufuma kama maiti ya mtu mpendwa. Alikuwa amepika mukimo na kuku, na kuku yule alimtoa kwa mchinjaji Mwislamu wa kule sokoni kwa ajili yangu, akanieleza mara mbili nisiwe na wasiwasi. Baada ya kula alileta redio yake ndogo, akanisihi nigeukie ukuta nisimwangalie, akaweka kanda yake. Nikasikia wimbo wa kwanza ninaoujua kwa moyo ukija polepole. Besi ilikuwa nzito, inatembea. Ngoma zilikuwa zinaachia nafasi katikati. Na sauti iliyoingia ilikuwa ya mwanamke mzima, ya chini, yenye kitu kama uchovu mtamu, mtu anayerudi nyumbani saa kumi na moja akijua njia. Nilisinzia macho wazi. Kupitia dirishani niliona safu za kahawa zikipanda kilima na moshi wa jikoni kwa watu, na nikahisi ningeweza kukaa pale, uso ukutani, mpaka nizeeke. Kisha wimbo ulipoisha nikafanya kosa ambalo mtu yeyote wa wakati ule angelifanya. Nilimwambia betri zake zimechoka.

Akacheka, akazitoa, akazianika dirishani juani kama tulivyofanya sote. Tukanywa chai. Akazirudisha, na wimbo ukaja vile vile. "Nilinunua juzi," alisema, "labda ni hii redio ni mzee." Nikasema labda. Lakini Jumatatu asubuhi kabla ya kufungua niliweka kanda kuu ya Wambui, ile aliyotuletea mwezi wa Machi, kwenye mashine nzuri ya Baba Shiru, nikakaa chini ya saa ya ukutani. Wimbo ulichukua dakika tano. Nikaweka nakala ya dukani. Ulichukua dakika nne na nusu hivi. Nikafungua ile mashine ya pili na kukuta mkanda wake wa mpira umelegea, unateleza, kwa hiyo ilikuwa inarekodi polepole kuliko inavyotakiwa, na kanda ikichezwa kwenye redio nzima, kila kitu kinakimbia na sauti inapanda. Yule msichana anayeruka kamba hakuwepo duniani. Alikuwa ametengenezwa na kipande cha mpira.

Nilimwambia Baba Shiru. Alisikiliza nakala, akasikiliza kanda kuu, akasugua goti lake. "Zaituni, hiyo mashine usiguse," alisema mwishowe. "Watu wameshazoea hivyo. Kizuri chajiuza." Nilitaka kubisha na sikubisha. Sitamtupia mzigo wote yeye, Mungu amrehemu. Nami sikutaka Jumamosi zangu ziishe. Nilifikiri Wambui akijua kwamba nesi na kinyozi walimpenda mtu mwingine, uso wake utafunga, na mimi ndiye nitakayekuwa nimeufunga. Nilijiambia furaha ni furaha, itoke kwa mpira au itoke kooni.

Wiki ile ile akaja Mama Rehema, fundi wa nguo aliyekuwa na cherehani ya miguu barazani kwa duka la vitambaa. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, na alichukua muda kusema. Nikaandika alivyosema: "Wimbo wa tatu nikiuweka nashona kombo. Mguu wangu unatangulia kitambaa. Huyu mtoto anaimba kama mtu anakimbia mvua. Mwambie hakuna mtu anamfukuza. Aende na mwendo wake, sisi tutamngoja." Alikuwa ameusikia ule mpira. Jumamosi ilipofika niliruka, nikamsomea Wambui ukurasa unaofuata. Kisha nikaukunja ule wa Mama Rehema kwa ndani, nikaubana na klipu.

Mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa, Baba Shiru alikodi ukumbi wa mikutano mchana wa Jumapili ili watu wamwone Wambui. Walijaa. Kinyozi alikuja, mama wa mitumba alikuja na wanawe, wanafunzi wa Kiganjo walikuja wakiwa wamepaka mafuta nywele. Wambui alivaa gauni la bluu alilolishonesha kwa siku hiyo, akasimama nyuma ya kinanda, akafumba macho kama alivyokuwa akifanya nikimsomea, akaanza. Alipiga kwa mwendo wake, akaimba kwa sauti yake. Hakuna aliyemzomea, na ingekuwa afadhali wangemzomea. Walimsikiliza kwa adabu, wakiangaliana. Kwenye wimbo wa tatu nikamsikia mwanamke mmoja nyuma yangu akimweleza mwenzake kwa upole kabisa kwamba huyu ni dada mkubwa, yule mwenyewe lazima ni mgonjwa. Neno likatembea safu kwa safu. Wimbo wa tano ulipoisha, mmoja wa wale wavulana wa Kiganjo aliinua mkono kama darasani na kuuliza, bila ubaya wowote, yule wa kwenye kanda atakuja saa ngapi. Wambui alifumbua macho, akamwangalia. Akasema, "Ni mimi." Watu wakacheka kidogo, wakidhani anatania, wakapiga makofi.

Tulikaa wawili kwenye benchi la nje ukumbi ulipokuwa ukifagiliwa. Gauni la bluu lilikuwa na jasho mgongoni. Nilidhani atalia, na hakulia. Alishika kidole changu kimoja tu, akaniuliza akiangalia barabara, "Zaitu, kwa hiyo daftari yote, hakuna hata mmoja alisema kuna kitu haiko sawa?" Ilikuwa hapo. Maneno ya Mama Rehema yalikuwa mkobani mwangu, ndani ya daftari, chini ya klipu, mita moja kutoka mkono wake. Ningeyatoa angejua kwamba hakuimba vibaya, kwamba mashine ilidanganya, kwamba kulikuwa na sikio moja Thika lililomtambua. "Hakuna," nikasema.

Mwezi wa Oktoba, hata kabla ya ule mwaka wake kuisha, kinanda kilikwenda kanisani. Jumamosi hazikuwapo tena. Aliolewa, akafundisha, akazaa Nyokabi, wakajenga Theta, na tulibaki marafiki wa harusi na matanga, wa kutumiana salamu za sikukuu, yeye akinitakia Idi njema kila mwaka bila kukosa. Hakuniuliza tena. Mara nyingi nilivaa viatu niende nikamwambie, na kila mara nilijipa sababu. Mkono mtupu haulambwi, nami nilikuwa na mkono mtupu wa aina yangu: sikuwa na la kumpa badala ya mwaka niliomnyima. Baba Shiru alitoa ule mpira mbovu mwaka uliofuata. Hakuna mteja aliyegundua, maana kanda ya Wambui ilikuwa imeshaacha kununuliwa.

Nilifika Theta mchana. Kulikuwa na hema uani, viti vya plastiki, akina mama wanamenya viazi, harufu ya pilipili hoho na udongo uliolowa. Nyokabi ana mabega ya mama yake. Alikuwa ametoa ile redio ndogo ya Ruiru, akaiweka juu ya stuli karibu na picha, na ndani yake kanda iliyotoka Nairobi, nayo aliikuta imefungwa kwenye kitambaa cha kufuma. Watu wa rika letu walikuwa wengi, na walipoambiwa ni Saa Kumi na Moja walifurahi katikati ya huzuni yao, wakaanza kusogeza viti. Nyokabi akabonyeza.

Besi ilikuja ikitembea. Nikaona nyuso zikikunjamana, zikingoja kile wanachokijua kije, na hakikuja. Bwana mmoja mwenye mvi, ambaye kwa umri angeweza kuwa mmoja wa wavulana wa Kiganjo, alisimama kwa heshima na kumwambia Nyokabi, "Msichana wangu, hizo betri zimeisha. Weka zingine."

Nilisimama pia. Nikasema betri ziko sawa. Nikasema hivi ndivyo alivyoimba, na ile ya Thika ilikuwa mashine, na nilijua tangu Juni ya mwaka ule, na aliniuliza nikamficha. Nilisema yote hayo kwa sentensi fupi. Nyokabi aliniangalia, sikuweza kusoma uso wake, na sikumwomba anisamehe mbele za watu. Nikatoa daftari, nikatoa klipu iliyokuwa imeshika kutu mpaka ikaacha alama kwenye karatasi, nikakunjua ukurasa, na kwa sauti ile ile niliyokuwa nikimsomea juu ya maboksi nikasoma maoni ya Mama Rehema, fundi wa nguo, Thika, mpaka pale aliposema aende na mwendo wake, sisi tutamngoja.

Yule bwana akakaa. Akina mama wakaweka visu chini. Kanda ikaendelea mpaka Wambui akafika kwenye wimbo wa tatu, hana haraka, akiacha nafasi kati ya neno na neno, na hakuna aliyesogeza kiti. Tukamngoja mpaka akamaliza.